Viwavi wa Tarehe Tisa Agosti

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, karatasi mliyoshika mkononi ina aya saba. Mimi nitasoma nane. Aya inayokosekana baba yangu aliniambia mwenyewe mwezi Julai, akiwa kitandani na akili zake timamu, akanitaka niisome siku ya kumzika. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliitoa kabla karatasi haijapelekwa kuchapwa. Alisema, "Wasifu si mahakama, mwanangu. Marehemu hasemwi." Nimemheshimu kwa kumwambia mapema kwamba nitaisoma. Kwa hiyo mkifika mahali mkaona maneno yangu hayamo kwenye karatasi, msidhani nimepotea mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha tambarare, kwenye joto, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa ya kuhifadhia nafaka, na mama yake alikuwa mkulima wa mtama. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakuwa na haraka na jambo lolote. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na hata kuzaliwa kwenyewe alichelewa wiki mbili, mkunga akaenda kwake akalala akarudi. Huyo ndiye mtu ambaye nataka mumkumbuke mkiwa mnanisikiliza, kwa sababu haraka aliifanya mara moja tu.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha mwaka 1965 akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni huko milimani. Hakuwa amewahi kuona ukungu maishani mwake. Wenzake wa huko walimcheka kwa jinsi alivyotetemeka mstarini asubuhi na blanketi mabegani. Wiki ya tatu mwalimu wa zamu alimkuta nyuma ya darasa akiwa amechuchumaa juu ya jiwe, akamwuliza anafanya nini wakati kengele imeshalia. Alijibu, "Mwalimu, panzi wa huku ni weusi kuliko wa kwetu, na hawaruki mpaka waote jua kwanza. Na mimi naomba niote." Alichapwa viboko viwili. Lakini mwalimu yule yule alimpa daftari tupu, na daftari hilo tunalo hadi leo. Limejaa panzi wa milimani na panzi wa tambarare, urefu wao, rangi zao, na saa waliyoanza kuruka.

Baada ya chuo cha kilimo aliajiriwa tarehe 2 Julai 1973 katika kituo cha utafiti wa mazao, na hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2011. Wengi wenu mliwahi kumtembelea kwenye vile vyumba viwili mwisho wa ukumbi, chumba cha joto na chumba cha baridi. Kazi yake ilikuwa kiwavi mmoja tu, yule anayetoboa mabua ya mahindi na mtama. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kuwaambia wenzangu shuleni kwamba baba anafuga viwavi. Nilisema ni daktari, na sikueleza wa nini.

Alichogundua ni hiki, na nitakieleza alivyonieleza, mimi fundi cherehani nisiyejua sayansi. Kiwavi wa tambarare na kiwavi wa milimani ni mdudu yule yule, wala ukiwaweka pamoja huwezi kuwatenganisha. Lakini kila mmoja ana kalenda yake. Wa tambarare, kwa vile joto halikatiki, huzaa na kuzaa, kizazi kinakanyaga kizazi. Wa milimani, kiangazi kikifika na baridi ikaingia, huacha kula. Madoa yake hufifia, mwili unakuwa mweupe kama nta, anajikunja ndani ya bua kavu na kulala miezi mitano, sita, bila tone la chakula. Mvua ya kwanza ikilowesha bua, anaamka, anageuka nondo, anaruka kwenda kutaga kwenye mahindi machanga. Baba aliwabadilishia vyumba. Wa tambarare akiwatia kwenye baridi wanakufa wote. Wa milimani wanakauka na kukaza, ukiwagusa hawatikisiki, na hawajafa.

Ndiyo maana ukutani, juu ya meza ya kuhesabia, alibandika sheria yake kwa herufi kubwa: kiwavi aliyetoka baridini akae kwenye joto siku nzima, usiku na mchana, ndipo aguswe kwa brashi. Akitikisika, yu hai. Asipotikisika, andika amekufa. Wafanyakazi walimwita Bwana Ngoja kwa sababu hakuna aliyeingia pale na swali akatoka na jibu siku hiyo hiyo.

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo, tena ilizidi. Nzi akianguka dirishani ilikuwa marufuku kumfagia mpaka siku ya pili ipite. Kuku akifa, baba alimweka juani na kukaa naye hadi jioni, mama akipiga kelele kwamba majirani wanamtazama. Hatukuwahi kupanda hindi hata moja uani. Na kiangazi kilipokolea alikuwa na tabia ya kusimama ukumbini, akaegemeza sikio ukutani, uso umebadilika. Ukimwuliza anasikiliza nini, anasema, "Wanatafuna." Nyumba yetu ni ya saruji, na hakuna mdudu anayetafuna saruji. Tulizoea, na wajukuu wakawa wanamwigiza. Sasa najua hakukuwa na cha kuchekesha pale.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Uchumba wao ulianza kwa kiberiti. Alimletea boksi la njiti, ndani kuna kiwavi mweupe amejikunja, akamwambia anyunyizie maji kidogo kila asubuhi na asimtupe. Mama husema, "Wenzangu waliletewa vitambaa, mimi nikaletewa mdudu aliyekufa." Alinyunyiza siku kumi na mbili kwa ubishi tu, ili akamwoneshe kwamba ni mzoga. Siku moja alfajiri akafungua boksi, nondo akamrukia usoni. Anasema alipiga ukelele, kisha akaketi kitandani akacheka mpaka machozi, na hapo akajua ataolewa na huyu. Walijaliwa watoto watatu: kaka yangu mwaka 1982, mimi mwaka 1988, na mdogo wetu wa kike mwaka 1993.

Sasa wekeni karatasi chini.

Mimi nilizaliwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1988. Jioni ya jana yake mabua ya mahindi mia mbili yaliletwa kituoni kutoka bonde la juu, huko milimani, yakapasuliwa, viwavi mia na arobaini na watatu wakawekwa kwenye trei ndani ya chumba cha baridi. Swali lilikuwa moja. Kama viwavi wamekufa kwa ukame, watu wa bonde wayaache mabua yao yalishe ng'ombe na kuezeka mabanda. Kama wamelala tu, kila bua lichomwe kabla ya mvua. Bwana shamba wa bonde alikuwa akisubiri jibu nje, gari linaunguruma.

Karani wa kuhesabu alikuwa mwanamke wa rika la baba, mkono mwepesi, jicho kali, aliyechomeka brashi yake nyembamba kwenye nywele ili asiisahau. Walimwita Dada Brashi. Asubuhi ile alizitoa trei kwenye baridi, akaandika kwa penseli pembeni kwamba hazijapata joto, na hesabu ni kesho. Saa tatu akaja mlinzi mbio: mke wako amepelekwa wodi ya wazazi, na hali si nzuri, mtoto amekaa vibaya. Mtoto huyo ni mimi.

Baba alichukua brashi mwenyewe. Akagusa trei moja baada ya nyingine. Wanne walitikisika. Dada Brashi akamwambia, "Bwana mkubwa, sheria ni yako hii, iko ukutani. Ngoja kesho."

Akajibu, "Hawa wamekufa, dada. Mimi nawajua viwavi wangu. Mke wangu yuko hospitali."

"Nenda basi hospitali. Bwana shamba nitamwambia arudi kesho."

"Hawezi kurudi kesho."

Akajaza fomu: mia na thelathini na tisa wamekufa. Mahali pa jina la aliyehesabu akaandika la Dada Brashi, kwa sababu kila siku ndilo lililoandikwa pale, na mkono ulikuwa umezoea. Akampa bwana shamba fomu, akakimbia.

Niliokolewa, kama mnavyoniona. Baba alirudi kazini siku ya tatu na pipi mfukoni za kugawia wenzake. Dada Brashi hakupokea pipi. Alimpeleka hadi kwenye meza. Viwavi walikuwa wanatembea, wengine wamepanda ukingo wa trei. Hapo hapo akampa barua aliyomwandikia mkuu wa kituo kwamba viwavi wako hai, akaomba baba aipitishe kwa vile ndiye msimamizi wake. Baba alisema, "Nitaishughulikia." Akaitia kwenye droo.

Ilikuwa tarehe 12 Agosti. Mvua ilinyesha mwanzoni mwa Oktoba. Kulikuwa na wiki saba, ndugu zangu. Nilimwuliza baba ni nini kilimzuia wiki saba zote, nikijua yeye ni mtu aliyeweza kungojea nzi. Alisema, "Kila asubuhi nilisema nitaitoa mchana. Kwanza niliona aibu kwa sababu ya sheria yangu mwenyewe. Halafu niliona aibu kwa sababu nimechelewa. Halafu mvua ikanyesha." Alisema tena kwamba alijidanganya: huenda walioko mashambani jua litawamaliza. Yeye, kuliko mtu yeyote duniani, alijua kwamba halitawamaliza.

Watu wa bonde, najua mmekuja na magari mawili, nimewaona. Sihitaji kuwasimulia mahindi ya msimu ule. Mnajua nani alihama na nani hakurudi. Mnajua pia nyumba iliyozika watoto wawili kabla ya mavuno yaliyofuata. Baba aliijua nyumba hiyo kwa jina la baba na jina la mama. Kila tarehe 9 Agosti alikuja kwenu, akapita mashambani akipasua mabua moja moja, nanyi mkamwita Mzee wa Mabua, mkamkaribisha chai. Aliniambia, "Kila mwaka nilienda nikiwa nimepanga kusema. Wananipa kiti, wananiuliza habari za watoto. Nashindwa." Alienda mara thelathini na tano. Leo nasema mimi kwa niaba yake: hesabu ile haikuwa kosa la karani. Ilikuwa yake.

Mwezi Februari 1989 iliundwa kamati. Wakamwuliza baba nani alihesabu. Hakutamka uongo hata neno moja. Alisukuma fomu mezani, wakasoma jina. Dada Brashi alisema kuna barua aliandika. Ikatafutwa, haikuonekana, maana ilikuwa imeshahama kutoka kwenye droo. Aliachishwa kazi tarehe 3 Machi kwa uzembe, na kwa sababu hiyo hakuna ofisi iliyomchukua tena. Alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni miaka ishirini na sita.

Barua hiyo ninayo. Baba aliitunza nyuma ya picha ya harusi, ndani ya fremu. Mama ameifuta vumbi picha hiyo miaka yote bila kujua. Nilimwonyesha mwezi Julai. Kamati ya mazishi ilipokaa, wajomba na mashangazi wakawa wanasema mambo ya kazini yabaki kazini, yeye ndiye aliyewakatiza. Alisema, "Atasoma. Mimi ndiye niliyekuwa najifungua."

Na kwangu mimi liko la ziada, nalisema kwa sababu nimechoka kulimeza. Siku yangu ya kuzaliwa baba hakuwahi kuwepo. Hata mara moja, hadi alipolala kitandani mwaka huu. Nikiwa na miaka saba nilimwuliza mama kama baba hanipendi, akasema ana kazi bondeni. Nilikua nikiamini kuna kitu nilimkosea kwa kuja duniani. Sikuwa mbali sana na ukweli. Tarehe yangu ndiyo tarehe yao, na sijui nitafanya nini nayo Agosti ijayo.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Machi 2023. Alitibiwa hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Miezi ya mwisho aliona viwavi kwenye shuka. Hakuwaogopa. Aliwahesabu kwa kidole, akifika mia na arobaini na watatu anaanza upya. Mara nyingine alizungumza na mtu upande wa ukutani, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa mkutanoni: "Dada, usiandike bado. Dada, nipe hiyo karatasi." Nilikaa naye mchana mzima, jua limejaa chumbani, na nakiri kwamba kuna siku nilivuta kiti changu nikakaa mbali na ukuta ule.

Alifariki Jumapili, tarehe 22 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mikononi mwa mama. Juzi tulipokwenda kumchukua, mhudumu wa chumba cha maiti alimtoa kwenye jokofu, akatuambia tunaweza kuondoka. Nikamgusa baba mgongo wa mkono kwa kidole. Alikuwa wa baridi na amekaza. Nikasema, "Subiri kidogo." Nikaomba alazwe kwenye ile meza ya nje, barazani, penye joto. Nilikaa pale hadi jua likafika utosini, nikimgusa kila baada ya muda, nikisubiri. Kaka yangu alikaa nami na hakuniuliza. Mhudumu alidhani tunamngoja ndugu kutoka mbali. Ilipofika saa saba nikamwambia, "Haya, sasa andika." Hakunielewa, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza.

Jumanne iliyopita nilikwenda kumtafuta Dada Brashi. Nilimkuta kwenye chumba anachoishi na mpwa wake, anakunja nguo zilizotoka kambani. Hana brashi kichwani, nywele ni nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama.

"Wewe ni mtoto wa Ngoja," akasema. "Una paji lake."

"Ndiyo, mama. Amefariki."

"Nimesikia redioni. Shika ncha hiyo."

Akanipa pembe mbili za shuka, tukakunja. Nikamweleza kila kitu baina ya shuka na shuka. Nilipomaliza nikamkabidhi barua yake. Hakuisoma. Aliangalia mwandiko wake wa ujana, akaiweka chini ya mto.

"Ile asubuhi sikumchukia," akasema. "Mkewe yuko hatarini, nani hana haraka? Lakini barua hii nilimpa mkononi mwake. Akanitazama machoni. Wiki saba, mwanangu, nikawa napita mlangoni kwake kila siku nangoja aniite."

"Nimekuja kukuomba ruhusa niisome habari hii mbele ya watu."

"Ruhusa ya nini? Isome. Jina langu usitaje, anayenijua atanijua. Na usiniombe nimsamehe, maana nitakudanganya tu ili uondoke na moyo mwepesi."

Nikamwambia kwamba wasifu unamalizikia kwa kumtakia marehemu amani, na kwamba sijui kama nina haki ya kuyasema maneno hayo. Alimaliza shuka lake kwanza, akalipiga piga likalala.

"Ni baba yako," akasema. "Sema ya kwako. Yangu niachie mwenyewe."

Marehemu ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, baba yetu mdogo, ambaye leo nimemkosea na nitamwangukia tukitoka hapa. Ameacha watu wa bonde. Ameacha mwanamke aliyefua mashuka, ambaye kama amekuja basi amekaa mahali nisipomwona, na kama hakuja, ana haki yake.

Sisemi kwa niaba ya familia, wala kituo, wala bonde. Nasema kwa niaba yangu peke yangu, mimi niliyezaliwa siku ile: baba, upumzike kwa amani.